Kiti cha Mgeni

Siku Mansuetus aliporudi kijijini kwao, baada ya kupotelea Tanga tangu enzi za Mwingereza, dada yake Kunigunda alimkalisha kwenye kiti. Utasema, sasa hapo shida iko wapi? Mtu mzima kasafiri, kachoka, kapewa kiti. Hebu subiri kwanza. Mansuetus mwenyewe alikaa, akashukuru, akanywa maji aliyoletewa kwenye bilauri iliyowekwa juu ya kisahani, na zilipita wiki kabla hajatambua kwamba kiti hicho ndicho kilichokuwa kinammaliza.

Nyumba ile ilikuwa na kiti kimoja tu cha aina hiyo, chenye egemeo, kilichofunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Kilitolewa akija padri. Kilitolewa akija mwenyekiti wa kijiji, au wakwe. Watu wa nyumbani walikaa kwenye mkeka, kwenye kigoda, kwenye ngazi ya mlango, popote. Mtoto akipanda juu ya kiti kile alikula kofi bila maelezo.

Kijiji chenyewe kiko ukingoni mwa Ziwa Nyasa, kaskazini ya Mbamba Bay, mahali ambapo milima ya kuelekea Mbinga inashuka mpaka inakaribia kutumbukia majini. Meli hupita pale, hupiga honi, watoto hushangilia, nayo huendelea na safari yake kwa sababu hakuna gati. Hapo ndipo Mansuetus alipozaliwa, na hapo ndipo alipoondoka akiwa kijana ambaye ndevu hazijamtoka vizuri, na lori la watu walioandikishwa kwenda kukata mkonge. Alimwambia mama yake anakwenda kutafuta nguo, atarudi mavuno yakiisha. Mavuno yakaisha, yakaja mengine, na mengine.

Watu wa ziwani wana neno lao kwa mtu wa namna hiyo. Wanamwita mchona. Mchona ni yule aliyekwenda kazini mbali akanogewa huko, au akakwama, asirudi tena. Ni neno lisilo na huruma, na kila ukoo una mchona wake, mmoja Johanesbagi, mwingine Rodeshia, mwingine kwenye mikonge ya Tanga. Lakini hebu muulize mtu wa ziwani, mchona akirudi anaitwaje? Atakuna kichwa. Neno hilo hawakujisumbua kulitengeneza.

Mansuetus alikuwa nalo, ila lilikuwa la Kigiriki.

Alilipata hivi. Mwaka wa pili wa kukata mkonge mwiba ulimwingia mguuni, mguu ukavimba, mnyapara akamtoa shambani akampeleka nyumba kubwa akasaidie kuosha vyombo mpaka apone. Nyumba kubwa ilikuwa ya mzungu wa Kigiriki. Mke wake wafanyakazi wote walimwita Kiria, kwa sababu ndivyo mumewe alivyosema aitwe, wao wakadhani ndilo jina lake alilobatizwa nalo, kumbe ni "bibi" kwa Kigiriki. Kiria alikuwa mnene, mwenye sauti, na Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, kisicho na adabu hata kidogo. Alimwita kila mtu "wewe", hata shehe.

Mguu ukapona, lakini Mansuetus hakurudi shambani. Alianza na kumenya vitunguu, akaenda kwenye samaki, mwisho akawa mpishi. Na hapo lazima nikwambie jambo lingine, maana bila hilo huwezi kucheka. Kule kwao ziwani, Mansuetus alikuwa mtu wa mwisho kabisa ambaye ungemwachia chungu. Akiwa mtoto, mama yake alimwachia maharage motoni, yeye na Kunigunda ambaye alikuwa bado mdogo. Mansuetus akasikia honi ya meli, akakimbia ufukweni kuitazama, na akiwa huko akaona kwa nini asioge kabisa. Aliporudi maharage yalikuwa mkaa na chungu kimepasuka. Mama alimchapa vizuri. Kunigunda, ambaye hakuwa na kosa, alikaa naye nyuma ya ghala wakayala yale maharage ya juu juu ambayo hayakuungua sana, kaka akilia kwa kichapo, dada akilia kwa kumwonea huruma. Toka siku ile kila alipogusa ukuni mama alisema, "Haya, Mansweto, utaunguza tena." Ukawa utani wa nyumba nzima.

Basi huyo ndiye aliyekuwa mpishi wa Wagiriki. Na kule Tanga hakuunguza kitu. Fimbo ya mama yake ilikuwa mbali, lakini aliisikia mgongoni.

Kila chakula kilipokaa sawa, Kiria alipiga meza kwa kiganja na kusema, "Nostimo!" Mansuetus akaangalia, akapima, akaona kwamba anasema hivyo siku zile ambazo chumvi imekolea. Akajua, bila kumuuliza mtu, kwamba nostimo ni chumvi. Akawa anawatuma wenzake: lete nostimo, nostimo imeisha, nunua nostimo kwa Mwarabu. Jiko zima likaita chumvi nostimo, mpaka siku Kiria alipoingia akasikia mtu anapigiwa kelele kwamba amemwaga nostimo chini. Alicheka akashika ukuta.

"Si chumvi, wewe Mansueto," alisema. "Nostimo ni chakula kitamu."

"Kitamu kama sukari?"

"Hapana. Kitamu kama… ngoja." Akavuta kigoda, akakaa, akajifuta mikono. "Kwetu zamani, zamani sana, kuna neno nostos. Nostos ni kurudi nyumbani. Mtu amekwenda vitani, amekwenda baharini, wenzake wamekufa, yeye amerudi. Hiyo ndiyo nostos. Watu wa shule wanasema ndani kabisa ya neno kuna kuponyoka. Kurudi mzima. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Basi siku ya kurudi, wazee wakaiita siku ya nostimo. Baadaye wakasema hata ngano. Ngano imekomaa, imefika, inatoa unga mwingi, ni nostimo. Halafu neno likaingia kwenye sufuria. Sasa leo mtu anakula anasema nostimo, hakumbuki tena meli wala vita."

Mansuetus akafikiri. "Kwa hiyo maharage yakiwa matamu, yamefika kwao?"

"Eeh!" Kiria akampiga begani. "Yamefika kwao!"

Siku nyingine alimwambia habari za daktari mmoja wa Uswisi, wa miaka mingi iliyopita, aliyeona askari waliokaa mbali na kwao wanakonda bila homa na bila kidonda. Daktari akachukua nostos, akachukua neno lingine la Kigiriki lenye maana ya maumivu, akayafunga pamoja yakawa jina la ugonjwa. "Mimi ninao," Kiria alisema huku akikata limau. "Na wewe unao. Unakonda na chakula kipo."

"Dawa yake nini, Kiria?"

"Meli."

Mansuetus aliliweka hilo moyoni. Dawa yake meli. Kiria naye akaitafuta dawa: mwaka mmoja alisafiri kwenda kisiwani kwao kumwona mama yake, akakaa, akarudi Tanga. Mansuetus akamuuliza kwa furaha kama amepona.

"Mama yangu alinitolea glasi nzuri," alisema. "Ile ya wageni."

Mansuetus akasema hongera, maana aliona ni heshima. Kiria akageukia vitunguu vyake, akavikata huku machozi yanamtoka, na mpishi akaamini ni vitunguu. Miaka ikaenda. Mashamba yakataifishwa, Wagiriki wakaondoka, Kiria akaondoka akiwa mjane, na Mansuetus akabaki kwenye ile ile nyumba kubwa akiwapikia mameneja wa serikali. Salamu za nyumbani alikuwa akizituma kwa watu, nao watu hawakufika. Baadaye akaona haya kuzituma, maana mtu aliyekaa sana anaanza kuogopa ataulizwa nini.

Halafu likaja soko huria. Kila kitu ruksa. Shamba likauzwa, wenye shamba wapya wakaja na mpishi wao, na mzee Mansuetus akajikuta nje ya geti na begi lake. Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Akasema moyoni, basi, dawa na iwe dawa.

Alipanda mabasi mpaka Songea, kisha Mbinga. Mbinga hakuijua. Aliiacha ikiwa misheni na mibuni, akaikuta imejaa maduka, mitumba imetandazwa barabarani, wanunuzi wa kahawa wa kampuni binafsi wanagombea wakulima na kila mmoja anajisifu kwamba mizani yake ndiyo ya haki. Akanunua kitenge cha dada, akapata lori la mfanyabiashara mmoja, Ausi, lililokuwa linashusha soda na sabuni Mbamba Bay. Lori liliteremka milima ile kwa kupiga kona zinazotisha, na ziwa lilipotokeza chini, Mansuetus akaanza kulia waziwazi mbele ya watu. Ausi akamwambia pole mzee, akidhani anaogopa kona.

Njia nzima alikuwa akitunga maneno ambayo Kunigunda angeyasema. Hakutaka mengi. Alipokuwa mtoto, akitoka kuchunga mbuzi, mama alikuwa akisema, "Umerudi?" bila hata kuinua kichwa. Hilo lingetosha.

Mtumbwi kutoka Mbamba Bay ukamshusha. Kunigunda alikuwa uani, anaanika muhogo juu ya mwamba, mwanamke mzee mwenye mgongo uliopinda na kitambaa kichwani. Akainuka akamtazama mwanaume mgeni mwenye begi.

"Ni mimi," Mansuetus alisema. "Mansuetus."

Alipiga yowe, majirani wakatoka. Akamshika mikono, akamshika uso, akalia, akapiga magoti akafanya ishara ya msalaba. Halafu akajikusanya, akarekebisha kitambaa chake, akasema:

"Karibu. Karibu sana. Edina! Toa kiti!"

Jamani. Mtu wa nyumbani anakaribishwa? Ukitoka kisimani na ndoo yako nani anakwambia karibu? Mtu wa nyumbani anaulizwa alikuwa wapi. Anaambiwa amechelewa, na kwamba mbuzi wamekula muhogo wa watu kwa uzembe wake. Mansuetus aliliona kosa hilo, lakini siku ile alidhani ni mshtuko tu, litapita.

Halikupita. Edina, mke wa mtoto wa Kunigunda ambaye mwenyewe alikuwa Mbinga kwenye ununuzi wa kahawa, alimchinjia kuku. Kesho yake akamtolea samaki mbasa peke yake, mkubwa, na wao wakala dagaa. Alipewa sahani yenye maua. Alimwagiwa maji ya kunawa na binti aliyepiga goti. Watoto walipita wakasema, "Shikamoo mgeni," naye akaitikia marahaba kwa sauti inayokufa. Akiinuka kuchanja kuni, shoka lilichukuliwa mkononi mwake kwa upole. Akishika jembe, "Aa, mjomba, pumzika, safari ni ndefu." Safari gani, na mwezi umeshapita!

Na jiko ndiyo kabisa. Jiko lilikuwa kibanda nyuma ya nyumba, mafiga matatu, kigoda, moshi, na sauti za wanawake wakicheka. Alikuwa amelisha watu kwa mikono yake maisha yake yote, na hapo hakuruhusiwa hata kuchungulia. Siku moja alijipa moyo akamwambia dada yake, "Leo niachie mimi, nikupikie samaki, magege, kwa nyanya na limau, uone."

Kunigunda akashtuka kweli. "Mgeni apike? Watu watasemaje, kaka?"

Alikuwa anamwita kaka. Alisema kaka kwa adabu, kama anavyosema mtu dukani. Jina lake hakulitaja hata mara moja.

Mansuetus alikuwa mpweke. Kule Tanga, kwenye chumba chake kwenye lain, zile nyumba za mstari za wafanyakazi, alikuwa peke yake, lakini kulikuwa na mtu wa kumfokea. Hapa watu walimjaa mchana kutwa na hakuna aliyemkosea adabu. Alikaa kwenye kiti chake chenye kitambaa, kivulini kwenye ukuta, akalitazama ziwa, na ndipo akamwelewa Kiria na glasi yake. Akaona aibu kwa ile hongera aliyompa.

Novemba ikafika, siku ya kuwaombea marehemu wote. Kigangoni palijaa. Katekista Vitalis, mtu mwema na mwenye sauti nzuri, akasimama kuwataja marehemu wa kila ukoo kwa kichwa, kama alivyozoea miaka yote, na alipofika ukoo wao akaimba bila kusita, "Na Mansuetus." Watu wakaitikia, "Umjalie raha ya milele." Mansuetus, kwenye benchi la mbele ambako wageni hukalishwa, aliitikia pamoja nao. Ndipo vichwa vyote vikamgeukia.

"Samahani sana, mzee," Vitalis alimwambia nje, amefedheheka mpaka jasho. "Ulimi umezoea. Mama yenu ndiye aliyeomba utajwe, alipokata tamaa. Tumekutaja muda mrefu sana."

"Hakuna neno, mwalimu," Mansuetus alisema. "Mmeniombea vizuri."

Akarudi nyumbani. Kiti kilikuwa kimeshatolewa kinamngoja. Hapo akakata shauri: ataondoka. Siku meli ikienda Mbamba Bay, malori huifuata mizigo yake; atachukua mtumbwi mpaka huko, apande lori, arudi Tanga akafe kati ya watu wanaomwita wewe. Hakumwambia mtu. Angewaambia wangemchinjia kuku wa kumsindikiza.

Siku ya meli ilipofika, Kunigunda aliamka na malaria. Mwili ulimtetemeka chini ya mablanketi, meno yanagongana. Edina akajifunga mtoto mgongoni kwenda zahanati kufuata dawa, na zahanati iko mbali. Binti mkubwa alikuwa shule. Edina akasimama mbele ya kiti akiwa na wasiwasi mkubwa.

"Mjomba, samahani sana. Maharage ya mama yapo motoni. Wewe kaa tu, usijisumbue. Ukisikia yanachemka sana, mwite jirani ayaangalie."

Akaenda. Mansuetus alikaa dakika chache, kwa heshima. Kisha akainuka akaingia jikoni. Moshi ukampiga machoni. Akakaa kwenye kigoda, akafunua sufuria, akaonja mchuzi kwa ncha ya mwiko, akaongeza chumvi kidogo, akapunguza kuni. Mikono yake ilijua kila kitu. Kwa muda huo mfupi alikuwa na furaha, nakwambia, kisha akakumbuka begi na furaha ikamtoka. Akajiambia atayaivisha haya maharage, atamlisha dada yake, Edina atarudi, naye ataaga. Angalau awe amempikia mara moja.

Akaenda kufunga begi. Halikuwa na vingi, lakini mtu anayeondoka mara ya pili hukunja shati polepole. Na akiwa katika kukunja, honi ikalia ziwani. Alitoka na begi mkononi, miguu ikampeleka yenyewe mpaka kwenye mwamba. Meli ilikuwa inapita nyeupe, kubwa, watu wadogo wamesimama juu. Akaitazama. Alimwaza Kiria, kama yu hai, na kama kuna aliyemfokea kabla hajafa. Aliwaza kwamba amekosea neno tangu mwanzo, kwamba dawa haikuwa meli, na sasa anaifuata meli tena kwa kukosa dawa nyingine. Hakujua amesimama muda gani.

Sauti ikatoka ndani ya nyumba, kali, ya mtu aliyepandwa na homa na hasira.

"We Mansweto! Umeunguza tena!"

Aligeuka. Mansweto. Jina hilo lilikuwa mdomoni mwa watu wawili tu duniani na mmoja, mama, alikuwa kaburini. Na sikiliza lile neno la mwisho. Mgeni haunguzi tena. Mgeni anaunguza mara ya kwanza, na wenyeji wake wanamwambia haidhuru. Neno "tena" ni la yule aliyeunguza hapa hapa, akachapwa hapa hapa, na mtu akakaa naye nyuma ya ghala.

Alitupa begi, akakimbia. Jikoni moshi ulikuwa umegeuka rangi. Akashika sufuria kwa mikono mitupu, akaungua, akaiachia, ikatua kando ya mafiga kwa kishindo. Kunigunda alikuwa ameshatoka, blanketi mabegani, ameegemea mwimo wa mlango wa jiko na anatetemeka.

"Maharage yote! Unaachiwa kitu kimoja, kimoja tu! Honi ikilia akili inaruka! Uzee wote huo! Mama alisema, huyu hata akiota mvi ataunguza, na haya, umeota mvi na umeunguza! Mpishi wa wazungu! Uliwapikia nini wale watu, makaa?"

"Nilikuwa nje kidogo," Mansuetus alisema, kwa sauti ya mtoto.

"Nje kidogo! Nje…" Kunigunda akaona begi limelala kwenye mchanga. Akalitazama. Hasira ikamtoka usoni, akakaa chini kwenye kizingiti. "Ulikuwa wapi?" aliuliza. "Mansweto, ulikuwa wapi? Mama ameuliza mpaka kinywa kikamkauka. Kila meli alisimama pale. Ulikuwa wapi wewe?"

Mansuetus akakaa chini, kwenye vumbi, mbele yake. Kunigunda hakungoja jibu. Alimpiga kofi la bega, dhaifu, la mgonjwa, halafu la pili, halafu wakalia wote wawili bila kuoneana haya.

"Mbona uliniweka kwenye kiti?" aliuliza mwishowe.

"Ningekuweka wapi? Nilishakuzika mimi. Nilishakulilia nikamaliza." Akavuta blanketi. "Nikasema nikikutuma kuni utachukia, utaondoka. Na kumbe ulikuwa unaondoka na kiti umepewa."

Alimwamuru apakue yaliyo juu, maana maharage hayatupwi. Wakala pale pale mlangoni kwa mwiko mmoja, wakipokezana. Yalikuwa na ladha ya moshi na makaa, yanakwaruza ulimi, na Mansuetus alijua kwamba katika maisha yake ya upishi hajawahi kuonja kitu cha namna hii.

"Nostimo," alisema.

"Nini?"

"Kigiriki hicho."

"Maana yake?"

Akataka kumweleza yote, vita na meli na ngano na daktari wa Uswisi. Akamtazama dada yake anavyotetemeka na kutafuna.

"Maana yake yameungua," alisema.

"Hata mimi nimeonja, sihitaji Mgiriki," Kunigunda alisema. "Ukimaliza nenda kasugue hiyo sufuria. Na usiilowanishe ukaiacha, nakujua wewe. Isugue mpaka ing'ae."

Edina aliporudi na dawa, jua limeshainama, alimkuta mjomba ameinama ufukweni, suruali kaikunja mpaka magotini, anaisugua sufuria kwa mchanga na majivu huku wanawake waliokuja kuchota maji wanamcheka. Kiti kilikuwa kitupu ukutani, kuku amepanda juu ya kitambaa. Edina akakimbilia ndani na mtoto mgongoni, ameshika kichwa.

"Mama! Mama, njoo uone! Mgeni anasugua sufuria!"

"Mgeni gani?" Kunigunda alijibu kutoka chini ya mablanketi. "Mwache asugue. Kaunguza mwenyewe."